Vishikwambi na Kompyuta Ngumu kwa Vikosi vya Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa nikitunza vifaa vya vikosi vya laini: vya dharura, vya matengenezo, na vya wakandarasi wanaosimika nguzo vijijini. Mengine huulizwa na mafundi, mengine na watu wa ununuzi. Wa ununuzi anatazama bei, fundi anatazama kioo saa saba mchana, ndiyo maana hawa wawili hugombana sana.

Kompyuta "ngumu" ni ipi hasa?

Ni kompyuta mpakato, kishikwambi (tableti) au simu iliyoundwa tangu kiwandani ivumilie kuanguka, vumbi, maji, mtikisiko na joto. Panasonic walianza kuuza Toughbook mwaka 1996. Leo wapo pia Getac, Zebra, Honeywell, Dell, na Samsung wenye Galaxy Tab Active. Usitegemee kasi ya ajabu. Ukilinganisha na mashine ya ofisini ya bei hiyohiyo, ngumu mara nyingi ndiyo nzito na ndiyo inayokwenda taratibu. Pesa yako imeingia kwenye fremu, kwenye mipira inayoziba maungio, kwenye kioo, na kwenye betri inayochomoka.

Kwa nini nisinunue kishikwambi cha kawaida nikakivalisha kava?

Si wazo la kipuuzi. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na hapo ndipo wengi wetu tulipolizoea hilo neno. Kwa kazi ya kuhoji watu mlangoni, kava na uangalifu vinatosha. Msoma mita anayetembea mitaani kwa miguu naye anaweza kufika mbali na kifaa cha namna hiyo.

Fundi wa laini ni habari nyingine. Kifaa chake kinalala nyuma ya gari pamoja na vikombe vya nguzo (vile vinavyoshika waya umeme usipite kwenye nguzo), koleo na mabaki ya waya. Kinaanguka kila wiki, si kila mwaka. Tena kava halizuii vumbi kuingia tundu la chaji, wala haliongezi mwanga wa kioo. Ushauri wangu: gawa kazi. Wasoma mita wape cha kawaida chenye kava zuri, kikosi cha dharura kipe kigumu.

IP65, IP67, IP68 maana yake nini?

Ni kipimo cha kimataifa, IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na mwisho wake ni 6, yaani vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji. Tano ni kurushiwa maji ya bomba, sita ni kurushiwa kwa nguvu zaidi, saba ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30, na nane ni zaidi ya hapo kwa kadiri mtengenezaji atakavyotaja.

Wengi wanakosea hapa: 7 haimaanishi kwamba kifaa kimefaulu pia 5 na 6. Kuzama ndani ya ndoo ni jambo moja, kupigwa na maji yenye nguvu ni jingine. Kwa mvua ya masika inayokuja na upepo, mimi huuliza kwanza kuhusu 65 au 66, halafu 67 iwe nyongeza.

Na kumbuka kwamba jaribio hufanywa na kifaa kipya, maji safi, vifuniko vyote vimefungwa. Vile vifuniko vya mpira vya matundu ya chaji ndivyo vinavyokufa mwanzo. Kifaa kikishakatika kifuniko, hakikisha na mtengenezaji kama ile 67 bado ipo, maana kwa vifaa vingi inakuwa imekwenda na kifuniko. Agiza vya akiba siku ileile unayonunua.

Muuzaji anasema ana cheti cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810. Niamini?

Hakuna ofisi ya jeshi inayogawa cheti hicho kwa wauza kompyuta. MIL-STD-810 ni kitabu cha namna ya kupima. Toleo H lilitoka 2019. Mtengenezaji anachagua vipimo vya kufanya, anapima mwenyewe au anapeleka maabara, kisha anaandika kwenye kipeperushi. Kwa hiyo "imefaulu MIL-STD-810" peke yake haijasema chochote. Dai orodha ya vipimo.

Chukua kile cha kuanguka. Kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122: nyuso 6, kingo 12, pembe 8. Lakini utaratibu unaruhusu mapigo hayo 26 yagawanywe kwa vifaa hadi vitano. Kifaa kimoja basi kinaweza kuwa kimeanguka mara tano au sita tu, na bado kipeperushi kikasema kweli. Sentimita 122 ni kimo cha mkono wa mtu aliyesimama. Nguzo ya mita 10 haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo asipande nacho mtu mfukoni.

Kioo kiwe na mwanga kiasi gani?

Hapa ndipo ningetaka usome taratibu.

Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta mpakato nyingi za ofisini ziko kati ya 250 na 300. Juani unahitaji 800 kwenda juu, na 1,000 ndiyo raha. Ukiwa dukani Kariakoo chini ya taa, vyote vinang'aa sawa, na hapo ndipo pesa hupotea.

Niliwahi kushuhudia vifaa vipya vikipelekwa kwa kikosi fulani katikati ya nchi, kule ambako kivuli ni cha mbuyu mmoja kwa kilomita tatu. Fomeni alikiweka kimoja juu ya boneti ya gari afungue ramani. Kioo kilikuwa cheusi kama sufuria, kinaonyesha uso wake tu. Akavua helmeti akakikinga. Akaona kidogo. Baada ya dakika kumi kikajipunguza mwanga chenyewe kwa sababu ya joto la boneti, na ramani ikapotea kabisa. Akanigeukia: "Mkuu, hii umetuletea kioo cha kunyolea ndevu." Kwenye karatasi kile kifaa kilikuwa kimefaulu kila kitu.

Kwa hiyo uliza mambo mawili, si moja: kina niti ngapi, na kikipata joto kinashuka hadi ngapi. Kisha kitoe nje saa saba mchana, kiache juani nusu saa kikiwa kimewaka, ndipo umpe fundi asome namba ya transfoma kwenye ramani. Jaribio hilo ni la bure na halijawahi kunidanganya. Wauzaji wengi hawalipendi.

Kioo kinafanya kazi na glavu?

Glavu za ngozi au za kitambaa, ndiyo, kama kifaa kina hali ya glavu na imewashwa. Glavu za mpira za kuzuia umeme, zikiwa zimevalishwa za ngozi juu yake, usihangaike. Vidole vimekuwa vinene kama ndizi, na hata kioo kikikusikia utagusa vitufe vitatu kwa pamoja. Kalamu ya kioo iliyofungwa kwa kamba inasaidia. La msingi ni kwamba mtu aliyevaa glavu hizo yuko kazini kwenye umeme. Kuandika ni kwa mwenzake aliye chini.

Na mvua?

Mvua ina vituko vyake. Vioo vingi vya siku hizi husoma umeme mdogo wa kidole, na tone la maji linaweza kusomwa kama kidole. Nimeona kazi ikijifunga yenyewe: tone lilitua juu ya "Maliza kazi", jingine juu ya "Ndiyo", na dawati la dharura likapokea taarifa kwamba umeme umerudi wakati mafundi ndiyo kwanza wanashusha ngazi. Wateja wakapigiwa simu za pole na hongera wakiwa gizani.

Chagua kifaa chenye hali ya maji, na mwambie mtengeneza programu aweke uthibitisho usiokubali mguso mmoja: kuburuta kidole, au kuandika tarakimu mbili za mwisho za namba ya kazi.

Betri itamaliza zamu?

Zamu ya ofisini, ndiyo. Zamu ya kikosi siku nguzo kumi zimeanguka, hapana, hata mtengenezaji akiandika saa 14. Mwanga ukiwa juu, GPS imewashwa na mtandao unatafutwatafutwa, betri huisha mapema. Nunua chenye betri inayochomoka, ikiwezekana ile unayoibadilisha bila kifaa kuzimika, na ununue betri mbili kwa kila kifaa. Powabenki ni msaada, ila waya wake unaacha tundu la chaji wazi kwa mvua na vumbi.

Joto ndilo adui mkubwa. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita 60. Ukiona kifaa kimechomekwa na chaji haipandi, mara nyingi hakijaharibika, kinajilinda. Kiweke kivulini.

Vijijini mtandao hakuna. Kitafanya kazi?

Kifaa, ndiyo. Programu ndiyo ya kuuliza. Ziko programu ambazo mtandao ukikatika zinaganda, na ziko zinazotunza ramani, orodha ya kazi na fomu ndani ya kifaa, kisha zinatuma zikipata mtandao. Usikubali maelezo ya mdomo. Washa hali ya ndege, fungua kazi, piga picha tatu, ijaze fomu, izime mashine, iwashe tena. Kama kazi ipo bado, tuendelee kuzungumza.

Weka laini mbili za kampuni tofauti (hapa laini ni ya simu, ndugu zangu wa laini za umeme za 33 kV msishtuke). Kijiji kimoja kinashika mtandao huu, cha pili kinashika ule.

Hapa pia niseme kuhusu muda. Enzi za karatasi, fundi aliandika taarifa usiku, amechoka, na ndiyo maana kwenye makabrasha ya zamani umeme ulikuwa ukirudi saa nane kamili au saa nane na nusu, haujawahi kurudi saa nane na dakika kumi na saba. Kifaa kinaandika muda wenyewe pale fundi anapogusa, hata kama mtandao hakuna. Lakini kama fomu yako inamwachia mtu aandike saa kwa mkono, jiandae. Fundi ataandika 2:10 akimaanisha saa mbili na dakika kumi asubuhi, mashine itasoma saa nane usiku, na hitilafu itaonekana imetengenezwa kabla haijaripotiwa. Mhasibu wa takwimu aliwahi kunipigia akiuliza kama tuna waganga kwenye kikosi.

GPS inaonyesha nguzo iko mtoni. Kifaa kibovu?

Pengine si kibovu. GPS ya kishikwambi cha kawaida kikiwa wazi chini ya anga hukosea mita chache. Vyenye masafa mawili, L1 na L5, hufanya vizuri zaidi kati ya majengo. Ukitaka sentimita, kwa mfano kupima njia mpya, utahitaji kipokezi cha nje chenye RTK, yaani usahihishaji wa GPS wa papo hapo.

Ila kosa likiwa kubwa na la kufanana kila mahali, tazama ramani kabla ya kifaa. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya dunia uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kila nguzo inahama kama mita 300. Nguzo zote zikikaa sambamba na barabara lakini upande wa pili wa kijiji, umeshapata jibu.

Kosa la pili ni kanda za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika vipande vya nyuzi sita na kupima mahali kwa mita. Tanzania imelala kwenye kanda tatu, 35, 36 na 37, na mstari unaogawa 36 na 37 unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Kikosi kikivuka mstari huo bila programu kujua, viwianishi vinaruka nyuzi sita. Transfoma ya Dar es Salaam inaibukia pande za Rungwa. Dawa yake ni kuhifadhi kila kitu kwa latitudo na longitudo za WGS 84, na UTM ibaki kwa sevea anapochora.

Kishikwambi au kompyuta mpakato?

Kwa ramani, fomu, picha na namba za mita: kishikwambi cha Android. Kwa watu wa vituo vya kupoza umeme wanaoseti rilei za ulinzi (vifaa vinavyokata umeme hitilafu ikitokea): mpakato wenye Windows, kwa kuwa programu nyingi za rilei zinaishi huko. Na uulize kama una mlango wa siriali wa pini 9. Utaona umepitwa na wakati, lakini rilei nyingi zilizofungwa miaka ya nyuma zinaongea kupitia huo. Kiunganishi cha USB hufanya kazi pia, mpaka siku kinapogoma saa kumi usiku na laini ya msongo wa kV 132 imezimika.

Kama bado una mashine za Windows 10, Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Wauza vifaa vya akiba wanazimwaga sokoni kwa bei tamu, na wewe ujue unachonunua.

Kinaweza kusoma mita?

Namba ya mita, kwa kuskani msimbo pau. Na hii pekee inaokoa makosa mengi, kwa kuwa namba ya mita ya malipo ya kabla ina tarakimu 11 na mkono wa binadamu hupindua mbili kwa urahisi. Data za ndani ya mita, kwa kichwa cha mwanga kinachonasa kwa sumaku usoni mwa mita na kuongea na kifaa kwa waya au Bluetooth.

Nani asiyekumbuka Novemba 2024? Mita za malipo ya kabla za mfumo wa kimataifa wa STS, zikiwamo za LUKU za Tanzania, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993 na nafasi ya kuhesabia ikawa inajaa tarehe 24 mwezi huo. Ilibidi kila mita iingizwe namba mbili za tarakimu 20 kabla ya umeme mpya kukubali. Wazee walioshindwa walihitaji fundi aende nyumbani. Tarakimu 40 mgongoni mwa risiti iliyolowa jasho, au tarakimu 40 kubwa kwenye kioo, zikipigiwa mstari kila nne: hapo hata mpinga kompyuta nilimwona akikiomba kifaa.

Kifaa kinaonyesha laini imezimwa. Naweza kupanda?

Hapana.

Kile ni kioo kinachosema mtu fulani ameandika kwamba imezimwa. Ruhusa ya kazi inatoka kwa mwenye mamlaka ya laini, kisha unakata, unafunga kwa kufuli, unapima kwa kipima umeme, unaweka ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) pande zote. Ramani haijui kwamba mwenye mashine ya kusaga amewasha jenereta yake bila kubadili swichi na anaurudisha umeme kwenye laini yako. Programu ikikupangia hatua hizo na kudai picha ya ethi kabla ya kuendelea, ni nzuri. Ikikuruhusu kubonyeza "salama" ukiwa umekaa garini, iondoeni.

Nikifunge vipi kwenye gari au pikipiki?

Garini, tumia kitako kilichofungwa kwa boliti kwenye fremu, si kile cha kunyonya kioo. Kiwe mbali na mfuko wa hewa na kisimzibe dereva. Umeme wake upitie kirekebishi, kwani gari likipigwa stata volti hucheza. Kitako chenye tundu la antena ya juu ya paa kinafaa sana kwa vijijini.

Pikipiki ina tabu yake. Mtikisiko wa injini unaweza kuharibu kamera zenye kituliza picha. Apple walitoa tahadhari hiyo 2021 kuhusu iPhone, na hali haibagui chapa. Kifaa kikae kwenye begi mgongoni.

Tuko pwani. Chumvi je?

Tanga, Zanzibar, Mombasa: chumvi ileile inayochafua vikombe vya nguzo inakula shaba ya tundu la chaji. Futa kifaa kila jioni kwa kitambaa chenye maji ya bomba, kiache kikauke, ndipo uchomeke. Ukipata kinachochajiwa kwa vidoto vya chuma vya nje badala ya tundu, chukua hicho.

Kikiibiwa?

Kifungiwe kwa mbali na kifutwe, siku hiyohiyo. Weka mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali kabla ya kuvigawa, si baada ya wizi. Ndani yake mna majina, simu na picha za nyumba za wateja, na hizo zinalindwa: Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya kwa sheria yake ya 2019. Kumwogopesha fundi kwamba atakatwa mshahara kunaleta tatizo jingine: anakificha kifaa ofisini kisipotee, anarudi kwenye karatasi.

Mafundi wazee watakiweza?

Mzee anayekumbuka kila kiungio cha waya kutoka kituoni hadi mwisho wa laini hashindwi na kishikwambi. Anashindwa na fomu yenye maswali 43. Punguza yawe tisa, maandishi makubwa, Kiswahili cha kazini. Andika "transfoma", "fyuzi", "nguzo imeoza". Niliwahi kukuta fomu imeandikwa "kibadilishi volti", kikosi kizima kikadhani ni kifaa kipya kinakuja.

Ninunue vingapi, na dhamana iweje?

Mpakato mgumu kamili unaweza kuzidi dola 3,000 za Marekani, kwa hiyo hesabu miaka mitano, si siku ya kununua. Ongeza kimoja cha akiba kwa kila kumi. Kwenye dhamana uliza maswali matatu: je, inahusu kuanguka na kupasuka kioo, au kasoro za kiwandani tu? Kifaa kinatengenezwa hapa nchini au kinasafirishwa nje? Na nikikitoa leo, nakaa bila kifaa siku ngapi? Jibu la tatu ndilo linalonifanya nisaini au nisisaini.

Na kabla ya zabuni kutangazwa, azima viwili vitatu kwa mwezi mmoja, uwape kikosi cha dharura kile chenye dereva mkali kuliko wote. Vitakavyorudi vikiwa vinawaka, andika majina yake.